Mguu wa Mwalimu Taratibu

Ukitaka kumwudhi Mwalimu Taratibu, mwambie kwamba mwanafunzi wake fulani amefeli kwa bahati mbaya. Atakukata jicho, atavuta kiti, na atakusomesha mpaka ukome. "Hakuna bahati mbaya kwenye usukani," atakwambia. "Anayefeli anapenda kufeli. Mdomo unasema nataka leseni, moyo unasema niacheni nitembee." Na kwa kuwa wanafunzi wake walikuwa wakifeli kwa wingi miaka hii ya karibuni, mzee wa watu alipata nafasi nyingi za kuieleza falsafa yake.

Jina la Taratibu walimpa wanafunzi wenyewe. Neno hilo halikumwisha mdomoni. Taratibu kona hiyo, taratibu kuna mama na mtoto, taratibu huyo wa baiskeli hana akili. Hata gari likiwa limesimama na ufunguo uko mfukoni mwake, mtu akifungua mlango tu, utasikia, "Taratibu." Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikono inakata, na shule nzima ya udereva hapakuwa na mwalimu aliyekaa kazini kumpita yeye.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo penye mchezo wote. Kigari chake cheupe, kile chenye kibao cha L juu ya paa, kilikuwa na usukani mmoja lakini pedali mbili za breki. Moja chini ya mguu wa mwanafunzi, nyingine chini ya mguu wa mwalimu, na huko chini zimeunganishwa kwa chuma. Mwalimu akikanyaga ya kwake, ya mwanafunzi nayo inashuka. Na mwanafunzi, kwa vile amekakamaa na jasho linamtiririka mgongoni, akihisi pedali imeshuka chini ya wayo wake hudhani ni yeye aliyeikanyaga. Anajisifu kimoyomoyo. Kumbe wapi.

Mwalimu Taratibu alikuwa na msimamo kuhusu pedali hiyo. Ni ya ajali tu, alisema, na mwalimu anayeikanyaga ovyo arudi akachunge kuku. Yeye hakumbuki lini aliikanyaga mara ya mwisho. Alisema hivyo mbele ya walimu wenzake, mbele ya mwenye shule, hata mbele ya watahini, na hakuwa anadanganya. Alikuwa anaamini kabisa. Mtu anayekudanganya kwa uongo anaouamini mwenyewe, jamani, utamshika wapi?

Lakini kituko kikubwa ni hiki. Huyu aliyefundisha nusu ya mji kuendesha gari, binti yake wa pekee alikwenda kwa miguu. Binti alikuwa mtu mzima, mwanamke wa shoka, ndiye aliyeendesha ofisi ya shule hiyo hiyo: kuandikisha, kupanga zamu za magari, kupokea simu, kuwabembeleza waliofeli wanaolia kwenye benchi la mapokezi. Alikuwa na chumba chake cha kupanga upande wa pili wa mji. Mama yake alipofariki, baba alimwomba arudi nyumbani kwa wiki chache tu, mpaka atakapoizoea nyumba. Wiki zile zikazaa miezi, miezi ikazaa miaka, chumba kikapata mpangaji mwingine. Na ni tangu wakati huo ndipo wanafunzi wa Mwalimu Taratibu walipoanza kufeli, wa kwanza kabisa akiwa binti mwenyewe. Alifeli, akarudia, akafeli tena, akasema basi, miguu ninayo.

Mambo yangekwenda hivyo hivyo hadi mwisho wa dunia kama mwenye shule asingefungua tawi jipya. Mwenye shule alikuwa mama mnene mwenye maamuzi ya haraka, akikata neno amekata. Alimwita binti ofisini, akafunga mlango, lakini sauti yake ilikuwa haijui milango.

"Tawi liko ng'ambo ya milima, mwendo wa kutwa nzima. Nakutaka wewe ukalisimamie. Nyumba ipo. Ila meneja wa shule ya udereva asiye na leseni ni kichekesho, na mimi sifungui shule ya vichekesho. Mwisho wa mwezi kuna mtihani. Ukipita, kazi yako. Ukishindwa, nampa mpwa wangu."

Mpwa wake kila mtu alimjua. Ndiye yule aliyekuwa akilala mezani mpaka simu inaita inachoka.

Binti alimpasha baba yake habari jioni hiyo, wakiwa mezani. Baba alifurahi. Alifurahi kupita kiasi! Alipiga makofi, akasimama, akakaa, akasema marehemu mama yako angeona siku hii, akaangusha glasi ikavunjika, akatia chumvi kwenye chai yake na kuinywa yote mpaka chini pasipo kukunja uso. "Nitakufundisha mwenyewe," akasema. "Nani mwingine? Safari hii utapita, mama. Nakuapia."

Wakaanza, kila jioni baada ya kazi. Na kila walipouteremka mteremko ule unaokwenda kwenye makutano, hatua nyingi kabla ya mstari mweupe, kigari kilijikunja na kusimama kwa kishindo, vichwa vikaenda mbele vikarudi nyuma.

"Unaogopa, mwanangu," Mwalimu Taratibu alisema kwa huruma. "Unafunga breki mapema mno."

Binti aliutazama mguu wake, akamtazama baba yake, akaitazama barabara. "Ndiyo, baba," akasema.

Ikawa hivyo jana, ikawa hivyo leo. Siku ya mtihani ilikuwa inakuja mbio, na kazi ya maisha ya binti yule ilikuwa inamtegemea mzee mmoja na kigari kimoja.

Katikati ya hayo ndipo alipoingia yule daktari. Mwanamke mrefu, wa makamo, miwani mikubwa, mkoba mkubwa zaidi. Alikuwa amenunua gari zuri, limekaa uani kwake limefunikwa turubai, na walimu wawili walikuwa wameshamkataa kwa sababu haongei. Walimtupia Mwalimu Taratibu.

"Daktari wa nini?" aliuliza Mwalimu, walipokwisha kufunga mikanda. "Meno?"

"Nafsi."

"Nafsi! Hiyo inauma wapi?"

"Mara nyingi kwa baba," daktari akajibu, akaiachia klachi ghafla, gari likaruka na kuzima.

Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho. Akataka kujua zaidi. Daktari akamweleza kwamba wagonjwa wake hulala kwenye kochi, yeye anakaa nyuma ya vichwa vyao wasimwone uso, nao wanasema lolote linalowajia, la maana na lisilo na maana, ndoto, matusi, kumbukumbu za utotoni.

"Na wewe unafanya nini?"

"Nasema mmh."

"Basi?"

"Mmh."

Mwalimu Taratibu alitazama nje dirishani muda mrefu, akiwaza jinsi alivyoupoteza ujana wake kwenye klachi za watu.

Lakini usiicheke hiyo mmh. Ina kazi yake. Watu wawili wamekaa bega kwa bega, wote wanatazama mbele, hakuna anayemwona mwenzake usoni, na mmoja wao hasemi kitu. Ukimya ule unawasha kama upele, lazima mtu aukune. Wiki ya pili haijaisha, aliyekuwa anaongea ni mwalimu. Huku daktari anapambana na gia ya pili, mzee anamhadithia habari za marehemu mke wake: alivyokuwa akiacha redio inaimba chumba asichokuwamo, alivyomcheka kwa kupiga pasi hata soksi. Alimweleza jinsi nyumba ilivyonyamaza alipoondoka, ukimya wa kutisha, mpaka yeye mwanamume mzima akawa anaogopa kuingia jikoni. Na kwamba sasa akisikia ndala za binti yake zikipita ukumbini, ndipo anapata usingizi.

"Mmh," daktari akasema. Kisha akaongeza, "Binti huweza kumpenda baba yake mapenzi mazito sana. Mazito ya kumfunga. Kitabu cha kwanza kabisa katika kazi yetu kinaanzia hapo."

"Ebo!" Mwalimu akafoka. "Daktari, mimi ni mtu na heshima zangu! Usiniletee maneno ya ajabu humu garini. Kata kulia. Kulia! Hiyo ni kushoto, bibie!"

Wakarudisha urafiki siku ya pili yake, maana daktari alimletea kitu kilichomfurahisha mno. Alimfundisha neno: ukinzani. Mgonjwa anakuja kila wiki, analia anataka kupona, na papo hapo kuna kitu ndani yake ambacho hakitaki kupona hata kidogo. Kinachelewesha, kinasahau, kinalala njiani. Daktari huyu alikuwa amesomesha jambo hilo kwa miaka chuoni, wanafunzi wake wakilinukuu kama sheria.

Mwalimu Taratibu nusura amkumbatie. "Si ndilo ninalosema mimi miaka yote! Anayefeli anapenda kufeli! Kumbe lina hata jina!"

Alirudi nyumbani siku hiyo anaruka. Akamkuta binti anapakua chakula, akavuta kiti, akakohoa kidogo kama mhadhiri.

"Mwanangu, nimeligundua tatizo lako. Kitaalamu, wewe hutaki kuondoka."

Binti akasimamisha upawa hewani. "Kitaalamu?"

"Kitaalamu kabisa. Mdomo unataka, ndani hutaki. Ndiyo maana mguu wako unafunga breki. Si kosa lako, mama. Ni ukinzani."

Binti alimtazama baba yake kwa muda, jicho la mtu anayetafakari amwage chakula au asimwage. Akakipakua. "Haya, baba," akasema. "Kula kabla hakijapoa." Na mzee alikula kwa raha zote, akalala fofofo.

Nyani haoni kundule, ndivyo walivyosema wenye lugha yao. Zamu yake ilifika siku iliyofuata, mchana kweupe.

Walikuwa wanateremka kwenye makutano, daktari kwenye usukani, mwendo wa wastani, Mwalimu anasimulia jambo. Daktari akawashwa. Aliwashwa kifundo cha mguu wa kulia, muwasho ule usiokubali kusubiri, na kwa kuwa ni mtu wa mawazo mengi na busara chache za barabarani, akautoa mguu kwenye pedali zote, akauchomoa kiatuni, akaupandisha, akajikuna kwa mkono mmoja. Kigari kikafunga breki. Kikasimama kwa kishindo kile kile, vichwa mbele, vichwa nyuma.

"Nani kafunga breki?" daktari akauliza.

"Wewe," Mwalimu akajibu pasipo kufikiri. "Unafunga mapema mno."

"Mguu wangu huu hapa, Mwalimu."

Wakainamisha vichwa wote wawili. Mguu wa daktari ulikuwa juu, unaning'inia hewani bila kiatu. Mguu wa Mwalimu Taratibu, katika kiatu chake kilichong'arishwa, ulikuwa umetulia tuli juu ya pedali, umeikandamiza mpaka sakafuni.

"Mguu umeteleza," Mwalimu akasema.

"Mmh."

"Nimesema umeteleza!"

"Tujaribu tena," daktari akasema. Wakaenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya maghala, akaendesha kuelekea ukuta kutoka mbali, mwendo wa kobe, akimwomba Mwalimu afanye jambo moja tu: asifanye kitu. Mwalimu akashika magoti yake kwa mikono miwili. Akauma midomo. Ukuta ulikuwa ungali mbali, ungeweza kupaki basi pale katikati, gari likasimama. Akaukunja mguu chini ya kiti. Ukajikunjua wenyewe. Akaupachika chini ya ule wa pili. Ukachomoka. Mara ya mwisho alikuwa ameutazama kwa macho yake mwenyewe, anauona unakwenda, na hakuweza kuuzuia. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa ndani ya soksi iliyopigwa pasi.

Mzee alifungua mlango, akatoka, akalizunguka gari. Alikuwa na hasira ya kumpiga mtu, ila wa kumpiga hakumwona. Wote wale waliofeli! Aliwazoesha kungoja pedali ishuke yenyewe, halafu siku ya mtihani mtahini anakaa na miguu yake kwake, mwanafunzi anangoja, anangoja, anapita mstari mweupe yuko katikati ya makutano anatabasamu. Na yeye akawaita wapenda kufeli. Akamwita hivyo mwanawe, mezani, akila chakula alichopikiwa naye.

"Kwa nini?" alimwuliza daktari kupitia dirishani.

"Wewe unajua kwa nini."

Alijua. Ndiyo ilikuwa inauma. Mtu mwenye leseni hurudi kufanya nini kwa mwalimu? Huaga, akaondoka. Na mzee huyu alikuwa amechoka kuagwa.

Alitegemea daktari ampe hotuba. Badala yake alimkuta ameegemeza paji la uso kwenye usukani, amevua miwani.

"Mwalimu," akasema, "nina mgonjwa aliyekuja kwangu na nywele nyeusi tii. Sasa ana mvi. Kila akisema naona nimepona, mimi namwambia, huo ni ukinzani, bado kidogo, rudi wiki ijayo. Nimeandika sura nzima juu yake. Ukinzani wa mgonjwa." Akacheka, kicheko kibaya. "Sikuwahi kuchungulia chini ya kiti changu mwenyewe."

"Mganga hajigangi," Mwalimu akasema, na safari hii alisema taratibu kweli kweli.

Jioni hiyo aliahirisha somo la binti, akasingizia gari lina hitilafu, akalipeleka kwa fundi wa breki, mtu mkimya aliyeishi chini ya magari na kutoka nje kwa nadra.

"Nataka uifungue hii pedali yangu."

"Imeharibika?"

"Nzima kabisa. Ndiyo shida. Nataka iwepo, lakini isifanye kazi."

Fundi akatoka mzima mzima kutoka uvunguni ili amwone vizuri. "Mwalimu, watu wananiletea breki zisizofanya kazi nizifanye zifanye. Wewe una lako jambo."

"Mguu wangu hausikii, fundi. Nauambia kaa, unasimama. Nifungulie kwa kesho tu, kabla ya mtihani utairudishia. Tutakuwa uwanjani na kwenye ule mteremko mtupu, na breki ya mkono ipo katikati, mkono bado unanisikia."

Fundi alimtazama, akautazama mguu, akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuona wazimu wa kila namna ila huu. Akarudi uvunguni, akalegeza bolti moja, chuma kikaachia. "Ukileta polisi hapa," sauti ikatoka chini, "mimi sikujui."

Basi kesho yake wakatoka, baba na binti. Uwanjani walizunguka, wakarudi nyuma, wakapaki. Kisha wakashika mteremko. Mwalimu Taratibu alijua mahali penyewe hata akifumba macho: nguzo ya taa, kibao kilichopinda, halafu mguu. Nguzo ikapita. Kibao kikapita. Mguu ukaenda. Ukakanyaga pedali mpaka chini, na pedali ikaenda kama imekanyaga maji, na gari likaendelea kuteremka.

Alikanyaga tena. Akakanyaga tena na tena. Jasho likamtoka mpaka kwenye mikunjo ya ile pasi, mkono wake ukaifuata breki ya mkono ukaishika, akauambia mkono wake, tafadhali. Alitaka kupiga kelele, taratibu! Hakupiga. Alimwona mwanawe kwa pembe ya jicho. Binti alikuwa ametulia. Alitazama kioo, akautoa mguu kwenye mafuta, akaushusha kwenye breki, na kigari kikapunguza, kikapunguza, kikasimama juu ya mstari mweupe kwa upole hata hungejua kimesimama.

Binti akainama kidogo, akaiangalia pedali iliyokuwa chini ya mguu wake. Akatazama kulia, kushoto, akaingia barabarani, akaendesha mpaka nyumbani pasipo kusema neno. Mwalimu naye hakusema. Alikuwa anaogopa akifungua mdomo kitatoka kilio.

Siku ya mtihani, fundi alikuwa amekwisha kurudisha bolti yake, kila kitu kiko kisheria. Binti aliondoka na mtahini, na Mwalimu Taratibu akakaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya leseni. Kando yake alikaa daktari, naye alikuwa na mtihani siku hiyo.

"Nilimwambia," daktari akasema. "Yule mgonjwa. Nilimwambia umepona, nenda nyumbani."

"Akashukuru?"

"Akakasirika! Akasema hajamaliza hadithi yake, na kwamba mimi ndiye ninayemfukuza. Mwalimu, nimekesha nikiandika upya ile sura. Nilidhani mguu ni wake. Halafu nikadhani ni wangu. Sasa sijui kabisa ni wa nani."

Mwalimu hakumsikia vizuri. Alikuwa anatazama lango, na mguu wake wa kulia ulikuwa unachimba vumbi chini ya benchi, kishimo kimekwisha kuonekana. Kigari cheupe kikaingia langoni. Mtahini akashuka, akamwita daktari, na alipopita mbele ya Mwalimu akamwinulia kidole gumba. Daktari akaenda na mkoba wake. Nikwambie mapema tu kwamba alifeli: alisimama mbele ya taa ya kijani kumwuliza mtahini kwa nini ameguna. Alifeli kwa raha zake.

Lakini binti alipita. Gari la mtihani wa daktari lilikuwa jingine, kwa hiyo kigari cheupe kilibaki pale kivulini, na binti bado yumo ndani, mikono juu ya usukani. Mwalimu akaenda, akafungua mlango wa upande wake, akakaa.

"Hongera, mama," akasema. Na safari hii hakuvunja kitu.

"Asante, baba. Juzi, kule mteremkoni. Pedali haikushuka."

Mwalimu alikuwa ameyapanga maneno siku mbili, na sasa yote yakamkimbia. "Nilimwambia fundi aifungue. Mwanangu, nisamehe. Ni mguu wangu. Siku zote ulikuwa mguu wangu, na mimi nikakuambia ni wako."

"Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Tangu somo la kwanza. Baba, mimi nimekulia kwenye gari hili. Ningekosaje kujua ni nani anakanyaga?"

Mzee akamgeukia. "Ulijua! Umefeli mara zote hizo, umetembea kwa miguu, nimekuita mwoga, ukaniambia ndiyo baba? Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeutoa mguu," binti akajibu. "Ungeutoa, ningepita. Na ningepita, ningeondoka." Akafuta usukani kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Na mimi ile nyumba ilinitisha, baba. Mimi pia nilikuwa nasikiliza ndala zako usiku."

Mwalimu Taratibu alilia. Sikufichi, alilia pale pale mbele ya ofisi ya leseni, mchana, watu wanapita na karatasi zao, naye akamwambia binti yake kwamba jua la leo lina vumbi.

"Na sasa?" aliuliza alipopata sauti. "Unataka kwenda, au hutaki?"

"Nataka," binti akasema. "Na sitaki."

"Basi endesha hivyo hivyo."

Binti akawasha gari, akatazama kioo, akatia gia. Mwalimu aliikunja miguu yake miwili chini ya kiti, akaishika kwa mikono, wakatoka langoni.